Leo nimeomba umeme usirudi, tena mbele ya ukoo mzima

Jamani, nisikilizeni.

Tuko nyumbani Mkuu, mdogo wangu kapata kipaimara. Mimi nimepewa kazi ya muziki, kwenye ampli ya Baba. Ile ambayo hata Mama haigusi.

Nilianza na simu. Simu inatoa volti kidogo, sauti ikawa ya mbu. Nikazungusha volyumu hadi mwisho, ikakaa sawa.

Shangazi akataka kwaya. Nikachomoa simu, nikachomeka deki yenye CD ya kwaya, ambayo inatoa volti nyingi zaidi, yaani sauti yake ni kubwa mno.

Kabla haijapiga, umeme ukakatika.

Baba akasema, "Basi tusali, tule machalari."

Tumeshafumba macho ndipo nikakumbuka: volyumu bado iko mwisho! Na deki yetu umeme ukirudi inaanza kupiga yenyewe. Baba amesimama katikati ya spika mbili.

Nikanyata. (Sala ya Baba ni ndefu, lazima ipite kwanza kwa marehemu wote.) Nanyoosha mkono niifikie volyumu, Baba akafumbua macho, akaudaka. Kadhani nimeguswa na Roho.

"Malizia wewe, mwanangu."

Na mkono hauachii.

Kichwani nilikuwa na ombi moja tu, likatoka kwa sauti: "Bwana, tunakuomba umeme usirudi."

Mama akafumbua macho.

Jikoni, friji ikaanza kuunguruma.

Nani anamjua fundi spika hapo Moshi mjini? Na nani ana pa kunilaza leo?