Leseni ya Mama Arobaini na Tatu

Amesimama kwa mguu mmoja kando ya dirisha. Mkono wa kushoto umeshika pazia, wa kulia umeinua simu. Mguu wa pili, uliovaa kiatu cheusi cha kisigino kifupi, ameunyoosha juu ya stuli ili upate mwanga.

"Usicheke," anamwambia mwandishi. "Hii ndiyo kazi yenyewe."

Picha ya nne ndiyo inayomridhisha. Anaiweka kwenye ukurasa wake wa biashara, na chini yake anaandika: namba 42 hadi 45, vya kike, si vya kuazima kwa kaka. Kabla hajaketi, mtu ameshauliza bei.

Mtaani wanamwita Mama Arobaini na Tatu, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kiatu chake. Jina hilo alipewa na wauza viatu wa sokoni, ambao kila alipotokea walikuwa wakiitana, "Jamani, mpeni boksi avae, kiatu hakitamtosha!"

"Nilikuwa nacheka nao, nikifika nyumbani nalia," anasema. "Siku ya harusi yangu nilivaa raba za mume wangu, gauni likazifunika."

"Na mimi nikaoa kwa ndala!" mume wake, ambaye ni seremala, anaitikia kutoka uani.

"Anatia chumvi huyo," anasema mkewe, lakini hakanushi.

Miaka mitatu iliyopita alikutana na muuzaji wa jumla aliyekuwa na viatu vikubwa vya kike vilivyokosa mnunuzi. Akachukua jozi sita, akazipiga picha, na wiki haikuisha zikawa zimenunuliwa. Leo anauza jozi kama arobaini kwa mwezi, na faida yake inalipa karo ya watoto wawili na nusu ya kodi ya nyumba. Wengi wa wateja wake hawajawahi kumwona, na wanapenda iwe hivyo hivyo. Kwenye simu hakuna wa kuwacheka.

Mambo yakaharibika pale kampuni inayompokelea malipo ilipotangaza kwamba laini zote za biashara zisizo na leseni zitafungwa mwisho wa mwezi. Bila laini ile ingebidi aombe watu watume pesa kwa namba yake binafsi. Kwa jinsi matapeli walivyojaa mitandaoni, nani angetuma?

"Roho ilikuwa juu. Niliona watoto wanarudishwa nyumbani hivi hivi," anasema.

Kusajili jina la biashara na kupata namba ya mlipakodi hakukumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni ukaguzi, maana afisa biashara alikuwa lazima aje kuona mahali bidhaa zinapokaa.

"Nikamwambia baba watoto, tumekwisha. Mtu wa serikali akikuta viatu chini ya kitanda, atasema hawa ni wababaishaji."

Seremala hakutaka aibu hiyo imkute mkewe. Akatengeneza rafu za ukuta mzima na kaunta yenye droo. Makochi yakahamishiwa kwa jirani, likawekwa benchi la kujaribia, kikatundikwa kioo kirefu. Nje akapachika kibao alichokipaka rangi mwenyewe: DUKA LA VIATU, KARIBUNI NYOTE.

Afisa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia, akazungusha macho, kisha akaketi kwenye benchi taratibu.

"Mama," akasema, "umeomba leseni ya kuuza mtandaoni. Mbona nimekuta duka?"

Akawaeleza. Anayeuza mtandaoni na kuhifadhi bidhaa nyumbani anatakiwa awe na chumba safi, kikavu, cha bidhaa peke yake, na wateja wasiingie, kwa kuwa ni eneo la makazi. Duka lina leseni yake nyingine, linataka choo cha wateja na mtungi wa kuzimia moto, na mtaa ule hauruhusiwi kuwa na maduka kabisa. Akaandika kwamba ombi halijakubaliwa, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Mama Arobaini na Tatu.

"Kosa langu," mumewe anadakia. "Nilizidisha ufundi."

Wakavunja duka lao. Makochi yakarudi, kibao kikang'olewa. Ila kibao kile kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Wanawake walikuwa wameambiana, na kila siku alikuwa akiwarudisha wawili watatu mlangoni.

Inafika siku ya ukaguzi wa pili, na zimebaki siku tano laini zifungwe. Mzee wa miwani anafika, anafunguliwa chumba kidogo kilichokuwa cha wageni. Maboksi yamepangwa kwa namba juu ya mbao. Anagusa ukuta kama una unyevu, anatikisa kichwa kuafiki. Mama Arobaini na Tatu anaanza kupumua.

Ndipo geti linagongwa, linafunguliwa.

Ni msichana aliyevaa sare ya wapokea wageni wa hoteli, jasho linamtoka. "Samahani, nimeelekezwa kwamba hapa ndipo kwenye viatu vikubwa."

Afisa anapandisha miwani. Seremala anatazama chini. Msichana, bila kujua alichokikanyaga, anaendelea kujieleza: anaanza zamu mchana huu, na msimamizi ameshamwambia kwamba akija tena na viatu vya kaka yake, nafasi yake anapewa mwingine.

Mama Arobaini na Tatu anatoka mbio, anamzuia kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, hapa siuzi."

"Lakini mbona naviona pale?"

"Unaona stoo. Duka liko kwenye simu yako. Rudi nje ya geti, fungua ukurasa wangu, chagua, lipa."

"Dada, uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Nenda!"

Msichana anarudi nyuma, anaufungua ukurasa. Muda si mrefu simu ya Mama Arobaini na Tatu inalia: jozi moja nyeusi, namba 44, imelipiwa. Boksi linafungwa, risiti inaandikwa, mwendesha pikipiki wa kona anaitwa.

"Napeleka wapi?" anauliza.

"Getini."

"Geti lipi?"

"Hilo ulilopita sasa hivi."

Kijana anatazama geti, anamtazama bosi wake. "Na nauli?"

"Nauli utapata! Washa pikipiki!"

Anaiwasha kweli, anazunguka ua na mzigo wake, anasimama hatua chache mbele na kumkabidhi mteja kwa heshima zote. Seremala ameshika ukuta, mbavu hana. Afisa amevua miwani, anafuta machozi. Nje, msichana amevaa viatu palepale barabarani, anatembea kwenda na kurudi.

"Vimeingia!" anapiga kelele. "Vimeingia, dada!"

Mama Arobaini na Tatu anampungia mikono yote miwili.

"Mimi sijaona mteja ndani," anasema afisa, akiandika. "Nimeona mzigo umesafirishwa."

Leseni ilitoka siku tatu baadaye, laini ikiwa bado hai. Sheria inataka ionekane na wateja, kwa hiyo namba yake imewekwa juu kabisa ya ukurasa. Hata wale waliokuwa wakiuliza bei na kupotea wameanza kuagiza.

Mipango yake? Mwakani anataka kukodi chumba kwenye barabara ya maduka na kuomba leseni ya duka kwelikweli, na choo na mtungi wa moto vikiwemo. Mwandishi anamuuliza kwa nini ajitafutie gharama, wakati simu inamlipa vizuri.

"Nataka aingie msichana mwenye mguu kama wangu, nimkalishe, nimuulize anapenda rangi gani," anasema. "Mimi madukani wameniuliza namba maisha yangu yote. Nikiitaja tu, mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna aliyewahi kufika kwenye rangi."