Siku Bi Yatokanayo Alipoiacha Kalamu Mezani

Kwa miaka ishirini na sita karani wa kumbukumbu alikaa kwenye ukumbi wa baraza la mji bila kusema neno. Kikohozi, labda. Mara moja, kiti kilipovunjika chini ya diwani mnene, alisema "Mama yangu" kwa sauti ya chini, kisha akainama na kuandika kwamba kikao kilisimama kwa dakika tano. Ndiyo ilikuwa kanuni: anayeandika hana sauti. Naye aliizoea kanuni hiyo kama mtu anavyolizoea koti lililokwisha kushika umbo la mabega yake.

Wakazi walimwita Bi Yatokanayo. Katika kila ajenda kulikuwa na kipengele cha yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, na hakuna aliyejua kilichobaki kuliko yeye. Ungemkuta sokoni anachagua vitunguu, ukamwuliza habari za taa ya njia panda, angekujibu bila kuinua macho: jambo hilo lilitajwa Februari, likapokelewa, likatajwa Mei, likapokelewa, sasa limechoka kupokelewa.

Aliipenda kazi yake. Alipenda ukumbi ule saa tatu asubuhi, kabla ya watu kuingia, mabenchi ya wakazi yakiwa yamejipanga nyuma na kiti cha mwenyekiti kikionekana kikubwa kuliko haki yake. Alipenda kunoa penseli mbili za akiba ambazo hakuwahi kuzitumia. Jambo moja tu lilikuwa likimrudia jioni, anapovua viatu. Mtu hubeba shida yake kwa wiki nzima, akalala nayo, akaamka nayo, akaifanyia mazoezi mbele ya kioo, akaja akasimama jasho likimtoka. Kisha inaingia kwenye jedwali na kuwa mstari mmoja. Yaliyobaki yanakwenda wapi? 

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa vidole vyembamba na maneno mengi. Kila mwezi, siku ya kikao, alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita wakati wa kunywa chai, lenzi yake ya kazi ikiwa jichoni, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mkewe alijifanya anakereka. Asubuhi moja ya Alhamisi fundi saa, akiwa amefika ukurasa wa nne, alimeza chai, akasema:

"Kumbe geti la nyuma la zahanati limefunguliwa. Hongereni. Mbona hukuniambia, bibie?"

"Nani kakwambia limefunguliwa?"

"Wewe."

"Mimi lini?"

"Hapa. Namba saba. Mkazi aliomba geti lifunguliwe kwa urahisi wa wagonjwa. Hatua: Limekamilika." Akaishusha lenzi. "Au macho yangu nayo yanahitaji fundi?"

Mkewe alicheka, akanyoosha mkono kuichukua karatasi, na kicheko kikamkauka njiani.

Ilikuwa kweli. Tangu baraza lilipomletea kompyuta, alikuwa akilichukua jedwali la mwezi uliopita, akifuta maneno ya zamani na kujaza mapya. Kwenye mstari wa saba alifuta kila kitu isipokuwa neno moja la mwisho, lililokuwa la bomba la kituo cha basi. Bomba lilikuwa limekamilika. Geti halikuwa limekamilika. Geti lilitakiwa kujadiliwa leo. Mashine yake ya chapa ya zamani ilianza na karatasi tupu. Kompyuta ilianza na mambo ya mwezi jana.

"Ni neno moja tu, mke wangu," fundi saa alisema, alipomwona amekaa bila kugusa kikombe. "Katika saa, jino moja likivunjika unabadilisha gurudumu. Hulii."

"Silii. Nafikiria matofali."

Jumanne, akirudi kazini, alikuwa ameona matofali yamepangwa mbele ya geti lile la nyuma, akapita akijiuliza ni ya nini. Sasa alijua. Mhandisi wa mji alitaka kuuziba mlango ule kwa ukuta tangu mlinzi wa geti alipohamishwa na kufuli likatiwa. Mwezi uliopita mwenyekiti alimwambia asubiri mjadala. Lakini mhandisi alikuwa mtu wa karatasi. Karatasi iliyomfikia wiki iliyopita ilisema jambo limekwisha, kwa hiyo hapakuwa tena na mjadala wa kusubiri, na jambo lililokwisha, kumbukumbu zake zikithibitishwa, haliruhusiwi kurudi mezani kabla ya miezi sita. Kufikia Jumatatu kungekuwa na ukuta.

Alitembea hadi ofisini akiwa na nusu saa ya ziada, na katika nusu saa hiyo shetani wake alimtembelea kwa adabu. Chapa upya ukurasa wa nne. Uweke kwenye faili kabla mwenyekiti hajasaini. Nani husoma? Madiwani walizitumia nakala zao kujipepea. Lakini alijua pia kwamba siku utakapobadilisha ukurasa mmoja kimyakimya, kurasa zote za miaka ishirini na sita zinaanza kukutazama. Akaiwasha kompyuta, akaitazama, akaizima.

Kulikuwa na nafasi moja tu. Mwanzoni mwa kikao, kabla ya kusaini, mwenyekiti huuliza kama kuna marekebisho. Diwani yeyote anaweza kujibu, au mkazi yeyote aliyesaini daftari la mlangoni. Karani hawezi.

Saa nne kasoro mabenchi yalikuwa yamejaa. Muuza mboga, mama mwenye sauti ya kuita wateja kutoka mtaa wa pili, alimwona karani akipita.

"Bi Yatokanayo, leo uniandike vizuri. Juzi uliandika 'mkazi alilalamika'. Mimi sikulalamika, nilifoka."

"Nitaona, dada."

"Andika 'alifoka'. Watoto wangu waje wasome."

Karibu naye alikaa seremala, kimya, vumbi la mbao nyusini, mikono mikubwa imelala magotini. Huyu ndiye mtu wa namba saba. Alikuwa amesimama mara tatu katika vikao vitatu kuomba geti lile, na leo alikuja mara ya nne, akiamini kwamba ni siku ya mjadala. Alimwamkia karani kwa kichwa. Karani alishindwa kumtazama sawasawa. Angeweza kumnong'oneza ainue mkono. Lakini seremala angesema hivi na karatasi ingesema vile, na alishaona mara nyingi nani hushinda.

Basi akaiweka kalamu juu ya meza yake, sambamba na daftari, akaenda mlangoni. Kwenye kitabu cha wakazi, mstari wa thelathini na nane, aliandika jina lake na mtaa wake. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, kati ya seremala na muuza mboga.

"Umepotea njia?" muuza mboga alinong'ona.

"Sogea kidogo."

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, alifungua kikao, akauliza kama kuna marekebisho kwenye kumbukumbu, na kama kawaida yake akaanza kujibu mwenyewe, "Hakuna, kwa hi..." Akaona mkono. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Bi Karani. Umekaa wapi?"

"Kwa wakazi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nimesaini."

"Na kalamu?"

"Nimeiacha mezani."

Ukumbi ulicheka, na mwenyekiti akangoja kicheko kiishe, kama alivyokuwa akingoja darasani. Kisha akakumbuka kwamba kikao kisichoandikwa si kikao. Aliwageukia madiwani, mmoja akagundua jambo la maana darini, mwingine kwenye viatu vyake.

"Mimi naweza," seremala alisema. "Naandika vipimo kila siku."

"Usije ukatuandika kwa inchi," muuza mboga akamwambia.

Seremala alikwenda mbele, akaikalia meza ya karani kwa uangalifu, kama kiti alichokitengeneza mwenyewe na asichokiamini. Na karani akasimama. 

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa nne, namba saba. Imeandikwa limekamilika. Halijakamilika. Geti bado lina kufuli. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Lilibaki neno la mwezi mwingine, sikuliona. Naomba radhi, na naomba lisomeke: kujadiliwa kikao hiki."

Mhandisi aliinuka. "Matofali yameshashushwa."

"Matofali hayaozi," mwenyekiti alisema. "Marekebisho yamepokelewa. Na kwa kuwa ni la kujadiliwa, tulijadili. Mkazi mhusika aeleze."

Hapo ndipo wote walipoona, karani kabla ya wote. Mkazi mhusika alikuwa ameshika kalamu. Anayeandika hana sauti, na kalamu haibadilishi mkono hoja ikiwa mezani. Seremala alifungua mdomo, mwenyekiti akainua kidole, kwa upole lakini akakiinua, mdomo ukafungwa. Mtu aliyengoja vikao vinne alikuwa ameunyamazisha ulimi wake mwenyewe, kwa wema.

Aliitazama kalamu mkononi mwake kama msumari ulioingia upande.

"Basi kama hakuna wa kueleza..." mhandisi alianza.

"Nitaeleza mimi," karani alisema. "Nilikuwepo alipoeleza. Mara zote tatu."

Akaeleza. Kwanza sauti ilitoka nyembamba, sauti ya mtu anayesoma, kisha ikapata njia. Kumbe yale yaliyobaki hayakuwa yamekwenda popote. Yalikuwa kwake, yote, kwa mpangilio wake. Alisema kwamba mama wa seremala ana kidonda mguuni kinachofungwa kila baada ya siku moja. Kwamba kutoka mlangoni kwake hadi geti la nyuma ni ngazi kumi na nne, na mwanawe alikuwa amezitilia reli ya mbao, akaipiga msasa ili isimchome mkono. Kwamba tangu kufuli litiwe wanazunguka kwa barabara kuu, na mama huyo hawezi mwendo huo, kwa hiyo wanawe humsukuma kwenye toroli lenye mto na egemeo. Ni toroli zuri. Lakini linapita katikati ya soko, na yeye, aliyefanya biashara katika soko hilohilo miaka thelathini, hujifunika uso kwa mtandio mpaka wamalize kupita.

"Kikao cha kwanza alisema mama yake anajifunika," karani alisema. "Kikao cha pili alisema mama ameanza kuruka siku za kufungwa kidonda. Kikao cha tatu hakumtaja mama tena. Alisema tu 'geti'. Mimi niliandika: kwa urahisi wa wagonjwa. Si uongo. Lakini ni kidogo."

Akakaa. Muuza mboga alisema pasipo kuruhusiwa, "Mimi namwonaga. Nilidhani anakwepa vumbi."

Mhandisi aliuliza ni nani atalinda geti. Mfagizi wa zahanati, ikaonekana, alikuwa na ufunguo muda wote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Wakabishana kidogo kuhusu saa; wakakubaliana asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, siku zote za kazi. Mhandisi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema basi angalau matofali yajenge kingo za ngazi, maana zimelika. Madiwani wakanyoosha mikono.

"Mwandishi," mwenyekiti alisema, "tusomee ulichoandika."

Seremala alisimama, daftari mbali na uso.

"Karani amesema alikosea. Geti bado limefungwa. Ameomba radhi. Amesema mambo ya mama yangu vizuri kuliko mimi. Geti litafunguliwa asubuhi. Mfagizi anao ufunguo. Madiwani tisa wamekubali, wawili wamekataa, mmoja alikuwa amelala."

"Hilo la kulala lifutwe," mwenyekiti alisema.

"Nilikuwa nafikiri," alisema diwani mnene.

"Niandike 'alikuwa anafikiri'?" seremala aliuliza, na ukumbi ukafa kwa kicheko, mhandisi naye.

Karani alirudi mezani kwake. Kikao kiliendelea: mtaro, mbwa wa mtaa wa juu, muuza mboga akifoka kuhusu maji. Aliandika "alifoka". Lilikaa vizuri tu.

Alasiri alikaa kuchapa. Safari hii alianza na ukurasa mtupu. Alipofika kwenye maneno ya seremala vidole vyake vilisita, kwa mazoea, maana katika kumbukumbu hakuna "mimi" wala "mama yangu". Kuna mkazi, mzazi, mhusika. Alitafuta mstari mmoja wa kuyakusanya yote, akaupata, ukiwa safi na mfupi. Akauacha. Akachapa kama ilivyoandikwa, pamoja na "Karani amesema alikosea", ambayo ingesomwa kwa sauti ya mtangazaji wa redio mwezi ujao mezani pake.

Jumatatu alitoka nyumbani mapema, akapitia mtaa wa chini. Geti lilikuwa wazi, limeegemezwa kwa tofali. Kwenye ngazi ya sita alimkuta mama wa seremala, mkono mmoja kwenye reli, mwingine kwenye fimbo, mtandio mabegani. Alikuwa amesimama kupumzika na kuangalia mtaa, akimwamkia kila apitaye kwa jina lake. Seremala alisimama chini, akijizuia kusaidia.

Karani naye akasimama ngazi moja nyuma ya mama, akingoja.

"Pita, mwanangu," mama alimwambia, bila kuharakisha mguu. "Usinisubiri. Mimi leo nina asubuhi nzima."