Mwaka Nilioacha Chai ya Ofisini

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali huko Arusha mjini, nikawa mmoja wa waliohamishiwa Babati. Wenzangu wengi walinung'unika. Babati ya siku hizo ilikuwa mji wa njia panda: soko, stendi, maduka ya kando ya barabara, ziwa upande wa chini, na vumbi lililopenya hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mimi sikunung'unika. Nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu, na nilidhani kuhama kutanisahaulisha. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, akapata shule ya msingi mjini hapo. Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Nangara, sisi na binti yetu mdogo, katika ua wa mjane mmoja mtu mzima, Mmbulu, aliyekuwa na shamba la mahindi na mbaazi nyuma ya nyumba.

Msibani sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, nami nikaendelea kujikaza.

Mkoa mpya haukuwa na majengo ya kutosha. Tulibanwa kwenye vyumba vya kuazima, meza zikigusana, kila mtu na alikotoka: huyu Kagera, yule Singida, mwingine Kilimanjaro. Hakuna aliyemjua mwenziwe. Mgeni akifika, watu hawakuuliza anajua kazi gani, waliulizana nani kamleta. Palikuwa na tetesi kwamba baadhi yetu tutarudishwa tulikotoka, na kwamba yupo kati yetu anayepeleka maneno kwa wakubwa. Kwa hiyo shaka haikuwa yangu peke yangu. Ofisi nzima iliishi nayo. Ila wenzangu waliiacha mezani saa ya kutoka ikifika, mimi nikaenda nayo nyumbani.

Ilianza kwa kicheko. Niliingia chumbani nikawakuta wawili wanacheka, wakanyamaza. Jambo dogo, hata kuku asingelidonoa. Lakini nililigeuza kichwani jioni nzima, na kesho yake nikaona wanyamazao ni watatu. Mwanamke wa Kagera aliyekaa meza ya jirani ndiye aliyekuwa akitumiminia chai kutoka kwenye chupa. Nikamwona anamimina cha kwangu mwisho. Kwa nini mwisho? Nikaacha chai ya ofisini, nikasema tumbo linanisumbua. Baadaye nikaacha na maji, nikawa nakwenda na ya kwangu kutoka nyumbani, na chupa ile niliiweka mapajani ninapopiga chapa.

Nyumbani napo pakaanza kuharibika. Mwenye nyumba wetu alikuwa na desturi ya kufagia ua asubuhi, akizoa vumbi kwa debe na kulipeleka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekua nikisikia kwamba mtu akitaka kukudhuru huchukua mchanga wa nyayo zako. Nilisikia hivyo kama wanavyosikia watoto wote, wala sikuwahi kuamini. Mwaka ule nikaamini. Nikawa natoka nje kwa kuruka kutoka jiwe moja hadi jingine, ili nisiache alama. Usingizi ulikuwa umenikimbia kabisa. Mume wangu akiuliza kulikoni, nilimtazama na kujiuliza anataka kujua kwa niaba ya nani. Chakula alichopika yeye nilikigusa tu, kisha nikakimwaga.

Yeye alidhani nimemchoka. Aliniambia baadaye kwamba aliwahi kunifuata hadi sokoni akidhani nina mwanamume. Ndivyo tulivyoishi, watu wawili chini ya bati moja, kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Siku moja mchana niliondoka ofisini bila kuaga. Nilikuwa na uhakika kwamba wanakuja kumchukua mtoto. Nilimkuta anacheza uani na mwenye nyumba, nikamnyakua bila salamu, nikateremka naye hadi ziwani. Nikaingia kwenye matete, nikachuchumaa naye ndani ya matope, nikamwambia asiseme neno.

Wavuvi walituona. Mmoja, mtu wa makamo, alisogea kidogo.

"Mama, hapo ndipo viboko wanapopandia," alisema. "Toka taratibu, uje huku."

Nilimwambia namjua aliyemtuma. Hakubishana nami, wala hakusogea zaidi. Alikaa chini kwenye majani, mbali kidogo, akaanza kushona wavu wake kama mtu asiye na haja nasi, huku mwenzake akienda mjini kuuliza huyu ni mke wa nani. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua kilichonitoa mle. Binti yangu aliniambia ana njaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama angesema jikoni. Njaa ile ilikuwa kitu cha kweli. Kwa wiki nyingi sikuwa nimesikia kitu chochote chenye ukweli kama ule. Nikasimama, nikatoka kwenye matete nikiwa nimembeba, na mume wangu aliponikuta nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto akila kiazi cha wavuvi. Mimi nilikataa kile changu.

Ukoo ukakaa. Mama mkwe alitoka kijijini akasema nimerogwa, na anamjua mtu wa kunisafisha. Wenzetu wa kanisani wakasema ni vita ya kiroho. Mume wangu aliwasikiliza wote, akawapa chai, halafu akasema, "Maombi yaendelee, nami nitaomba nanyi. Lakini kesho tunakwenda hospitali."

Huko tulipokelewa na muuguzi wa wagonjwa wa akili, mwanamume mtu mzima mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilitegemea aniambie kwamba hakuna anayenichukia, nami nimthibitishie kwamba wapo. Hakuniambia hivyo.

"Mimi sijui nani anakupenda na nani anakuchukia pale ofisini," alisema. "Wewe pia kwa sasa huwezi kujua. Akili yako imechoka, haipimi sawasawa. Tuipumzishe kwanza, halafu utapima mwenyewe."

Nilimshuku hata yeye. Lakini nilikubali kwa sababu hakuwa ameniita mwongo.

Vidonge navyo nilivishuku. Mwanzoni nilivificha chini ya ulimi na kuvitema bafuni, mpaka mume wangu akaviona. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba anaogopa. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo, nami nikaanza kumeza. Nikawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Mikono ilitetemeka, mdomo ukakauka, nikasinzia hata nikiwa nimesimama. Nikasema, mnaona, wananiua polepole. Tukarudi hospitali. Muuguzi alinishukuru kwa kumwambia badala ya kuacha dawa kimyakimya, wakabadilisha, na baada ya muda uzito ukapungua.

Yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu namna ya kuzungumza nami. Asinibishie, asinikubalie. Nikidai kuna kitu, aniulize swali moja tu: "Umekiona, au umekihisi?" Mwanzoni swali lile lilinikera. Nikijibu nimekihisi, tuliliacha jambo hadi kesho. Nikijibu nimekiona, alitaka nieleze: wapi, nani, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Mara nyingi katikati ya kueleza niliona jambo lenyewe linanyauka. Na mara chache halikunyauka, tukakubaliana kwamba kweli fulani hakunitendea vizuri. Hilo lilinipa nguvu kuliko yote, kujua kwamba si kila shaka yangu ni ugonjwa.

Nilipokuwa kwenye likizo ya ugonjwa, mbaazi zilikuwa zimekauka. Mwenye nyumba aliniita, akiniita kwa jina la binti yangu kama siku zote, akaniwekea ungo na kigoda. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, tukaanza kupukuchua. Hakuniuliza habari za ziwani. Kesho yake akaniita tena. Ilikuwa kazi ya mikono tu, ganda upande huu, punje upande ule, na kukaa karibu na mtu asiyeniangalia usoni.

Siku moja nikamweleza habari ya vumbi na nyayo. Nilidhani atakasirika na kutufukuza.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unarukaruka kama mbuzi," alisema. "Mimi nilidhani viatu vinakubana."

Akanionyesha shimo la mbolea nyuma ya nyumba, vumbi limechanganywa na majivu na samadi. Kisha, tulipokaa tena, akaniuliza, kwa Kiswahili chake kizito cha milimani, mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Tangu nifike Babati hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama. Nilianza kumweleza: homa, hospitali, jinsi alivyoomba maji nami nikachelewa kuyaleta kwa sababu foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Nilipofika hapo kwenye maji sikuweza kuendelea.

"Lia," alisema. "Mbaazi zitangoja."

Nililia mpaka khanga ikalowa. Yeye aliendelea na kazi yake, mara mojamoja akinisogezea ungo ili nisikie kwamba bado yupo.

Niliporudi ofisini, shaka ilikuwa imehama. Safari hii mimi ndiye niliyeshukiwa. Mkasi uliokuwa mezani kwangu haukuwepo. Mazungumzo yalikatika nikiingia, na nilipotoka nilisikia yameanza upya. Chai ilipita, ikanipita. Nilikaa mbele ya mashine nikijiambia kwamba ugonjwa umerudi. Jioni nikamweleza mume wangu, akaniuliza swali letu. Nikafikiri vizuri. Mkasi nilikuwa nimeutafuta kwenye droo zote. "Nimekiona," nikamjibu.

"Basi waulize," akasema.

Asubuhi nilimfuata yule mama wa Kagera, nikamwuliza mkasi wangu uko wapi. Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Tuliuficha," alisema. "Tulikuogopa. Tusamehe, lakini tulikuogopa kweli."

Aliutoa kwenye kabati, akaniwekea mkononi, mpini ukiwa upande wangu. Nilimshukuru. Hatukukumbatiana wala nini, tukaendelea na kazi. Lakini tangu siku ile nilimwamini zaidi ya wote waliokuwa wakiniambia "pole" kwa tabasamu. Wengine hawakubadilika, na mmoja aliomba kuhamishiwa chumba kingine. Nilimwacha aende.

Nisiseme kwamba nilipona moja kwa moja. Mwaka uliofuata nilijiona mzima, na kwenye semina ya kanisani mtu alishuhudia kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Nikaacha. Kwa muda nilijisikia mwepesi sana. Kisha usingizi ukaanza kupungua, na asubuhi moja sokoni nikamwona muuza nyanya akimkonyeza mwenziwe. Nilisimama pale na kikapu changu. Nilijua njia ile inaelekea wapi, maana nilikuwa nimeipita. Sikununua kitu. Nilitoka sokoni nikaenda hospitali kwa miguu yangu, peke yangu, nikamwambia muuguzi kwamba nimeacha dawa na kwamba watu wameanza kunikonyeza. Alinikaribisha kiti. Mume wangu alipopata habari, nilikuwa nimeshaanza dozi upya.

Toka hapo nina taratibu zangu. Nalala mapema, hata kama vyombo havijaoshwa. Kazi ya ziada ya ofisini naikataa. Msiba ukitokea, nalia papo hapo, watu waseme watakavyo. Naendelea kusali, na vidonge naendelea kumeza. Tabia ya kushuku haijaniisha, na sidhani itaniisha. Fundi akiniambia kesho, namwuliza kesho ya lini.

Siku moja, baada ya miaka kadhaa, mama wa Kagera alifunga mlango akaja mezani kwangu. Mdogo wake wa kiume, waliyekuwa wakiishi naye Nakwa, nje kidogo ya mji, alikuwa amejifungia chumbani. Alikataa chakula, akidai kimetiwa kitu. Ndugu walitaka kuvunja mlango na kumfunga kamba. Aliniomba niende naye.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Uani palikuwa na wanaume wanaojadiliana kwa sauti kubwa. Nikawaomba wasogee hadi barabarani, wakaniangalia juu na chini, lakini dada yake aliwasihi wakatoka. Nikachukua kigoda, nikakaa nje ya mlango, mbali kidogo.

Nilisikia nyayo zikisogea mle ndani. Kisha akauliza kutoka ndani, "Wamekutuma?"

"Dada yako ameniomba nije," nilimjibu. "Anaogopa. Mimi sitakuambia ule."

Nikamwuliza kama jana alilala.

"Sijalala," alisema. "Nikilala wataingia."

Nikamwambia najua usingizi wa namna hiyo. Nikamweleza kwa kifupi habari za matete na matope, na za mvuvi aliyekaa kwenye majani bila kunisogelea. Sikumwambia kwamba anakosea. Nilimwambia tu kwamba yupo mtu hospitali ambaye hatamwita mwongo, na kwamba nitakaa hapo mpaka atakapoamua, maana siku hiyo sikuwa na kazi nyingine.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia anasogeza kitanda kilichokuwa kimezuia mlango. Ulifunguka kidogo tu. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu. Nilibaki nimekaa, nikamwacha atazame.