Dakika Nzima ya Nesi Agnella

Saa mbili asubuhi, kibaraza cha zahanati kimeshajaa. Akina mama wameketi sakafuni, khanga zimelowa tope la majaruba hadi magotini, na vikohozi vya watoto vinapokezana kama vyura wa mabondeni.

Ndani, Nesi Agnella Libenanga, mwenye miaka arobaini na mmoja, anavua kandambili. Anakanyaga saruji kwa nyayo tupu, anashusha pumzi, anafunua kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Saa yake isiyo na mkanda ameilaza kiganjani. Hasemi na mtu. Dakika nzima.

"Sista," anaita Mashimba, mfugaji wa Kisukuma aliyemleta mjukuu wake, "mimi ng'ombe mia nawahesabu nikawamaliza kabla wewe hujamaliza kifua kimoja!"

Dakika inapokwisha ndipo anajibiwa. "Ng'ombe ukimkosea, baba, jioni anarudi zizini mwenyewe. Huyu nikimkosea harudi."

Kibaraza kinacheka. Yeye hacheki.

Zahanati hii iko ng'ambo ya Mto Kilombero. Ukitoka Ifakara lazima uvuke kwa kivuko. Imepangiwa wauguzi wawili. Mwaka 1995 mwenzake alihamishiwa wilayani, akapewa meza na kalenda. Agnella akaambiwa avumilie wiki mbili tu, mwingine yuko njiani. Sasa ni 1997. Labda huyo mwingine anakuja kwa kutambaa.

Masika ya mwaka ule wa 1995 alikuwa akiona wagonjwa tisini kwa siku, wajawazito mbali. "Nilikauka," anasema. "Mtu analia mbele yangu, mimi nawaza maharage niliyobandika jikoni. Mkono wangu unatoa dawa, lakini mwenyewe sipo."

Kanuni inataka pumzi za mtoto anayekohoa zihesabiwe dakika nzima, maana haziendi sawa: hukimbia, zikatulia, zikakimbia tena. Agnella akaanza kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne. Foleni ikaenda mbio. Mkaguzi wa wilayani akamsifu kitabuni kwa uchapakazi.

Ndipo akaja Brigita, mkulima wa mpunga, na Hilary wake wa miezi minane. Robo dakika ile ilimkuta Hilary ametulia. Kumi na moja mara nne, arobaini na nne, chini ya hamsini za nimonia. Kikohozi cha kawaida, nenda nyumbani. Kesho yake jioni walimzika.

Agnella alikwenda msibani. Brigita hakumtukana. Alisema tu, "Nesi, ulimhesabu mwanangu, lakini hukumwangalia."

Waliompa mtu mmoja kazi ya wawili hawakuonekana pale, hata kwa salamu. Wao hukagua, wao hukaguliwa na nani?

Usiku ule aliandika barua ya kuacha kazi, arudi kwao Mlimba akalime. Lakini funguo amwachie nani? Barua akaitia kwenye droo. Asubuhi akavua kandambili.

"Nilitaka kujua kama miguu yangu ipo," anasema. "Nikasikia baridi ya saruji. Nikavuta pumzi, nikaishusha. Nikasema haya, sasa nipo, leteni mtoto. Mawazo yakikimbilia kule kaburini, siyagombezi. Nayarudisha kifuani kwa mtoto, pumzi moja, ya pili. Likizo sijaiona tangu 1994, basi dakika hiyo ndiyo likizo yangu."

Na uchungu? "Haujaondoka. Zamani nilikuwa siusikii. Sasa nausikia."

Mkaguzi yuleyule, safari hii, ameandika kwamba foleni ni ndefu na nesi ni mzito.

Zamu inamfikia mama mwenye mtoto mgongoni. Ni Brigita. Hajakanyaga hapa tangu msiba.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Nani huyu?"

"Eveline. Miezi sita. Anakohoa siku ya tatu."

Agnella anaiweka saa mezani, anakaza vidole vya miguu sakafuni, anaanza. Pumzi zinakimbia, zinatulia, zinakimbia. Nje, hata Mashimba kavua kofia.

"Hamsini na nane," anasema. "Ni nimonia. Nampa dozi ya kwanza, kisha kivukoni, moja kwa moja hospitali. Mimi kopo langu la dawa ndiyo limeishia hapa."

Dawa za mwezi mzima huisha wiki ya pili. Hilo nalo wakubwa wanalijua.

Brigita anamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni anageuka. "Mngekuwa wawili siku ile, Hilary angepona?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, lawama ikavuka mto.

"Hata peke yangu, mama," Agnella anasema, "ningemhesabu dakika nzima, huenda angepona."

Brigita anaitikia kwa kichwa, anashika njia ya kivukoni.

Ombi la Agnella kwa wenye madaraka ni moja: muuguzi wa pili, kabla ya masika mengine. Na ile barua? Anafungua droo, ingali pale, pembe zimeliwa na mende.

"Siku nitakayohesabu robo dakika tena," anasema, "nitavaa kandambili zangu, niipeleke mwenyewe."