Mke Mwenza wa Sebuleni

Tangi la maji ya chumvi la marehemu mume wangu nililiita mke mwenza, na wala sikuwa natania sana. Mwanaume ameshuka mlimani na watalii wake baada ya siku saba, hajala, hajaoga, anapitiliza sebuleni kuchungulia tumbawe lake. "Na mimi salamu zangu ziko wapi?" namuuliza. Anacheka tu. Nani anafuga kitu cha baharini hapa Rau, Moshi, jamani?

Alipofariki, samaki nao walikufa mmoja mmoja. Likabaki tumbawe, la kijani, kubwa kama kabichi. Katika vyote alivyoniachia, hicho tu ndicho kilikuwa bado hai. Nikaapa halitafia mikononi mwangu.

Februari joto la Moshi lilipopamba moto, feni ya tangi ikaungua na mimi sikugundua. Siku chache tu, tumbawe likawa jeupe pee. Nikadhani limekosa jua, kama miche iliyofichwa ndani. Nikafungua mapazia, nikawasha taa zote. Likazidi! Nikampigia mama mkwe kijijini Mwika, nalia kama ninafiwa upya.

Kesho yake akafika na mkungu wa ndizi, yeye ambaye hajawahi kumwachia jirani ng'ombe wake hata siku moja. Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama taa. "Ee! Hata mche wa kahawa hauwezi jua hilo. Mgomba wa kuufunika uko wapi?" Akazima taa mbili, akavua kitenge cha mabegani akakitundika dirishani.

Mzee mmoja wa Dar aliyekuwa akimuuzia mume wangu chumvi ya tangi akaniambia kwenye simu kwamba bibi yuko sahihi. Tumbawe ni mnyama. Rangi yake ni vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wake na kumlisha, na joto likizidi anavitoa. "Mweupe si mfu, mama. Ana njaa. Poza maji taratibu, mpe kivuli, mlishe kwa mkono."

"Kumbe ni kama ng'ombe wa bandani," mama mkwe akasema. "Huyo namuweza."

Alikaa wiki sita. Mimi nilinunua feni mpya, nikawa napima joto la maji asubuhi na jioni kama nesi. Yeye alimdondoshea uduvi kwa bomba la sindano, akimsemesha Kichagga bila kuona aibu. Wiki ya sita nikaona doa la kijani, dogo kama punje ya ulezi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Jioni hiyo tulipunguza taa, tukakaa chini mbele ya kioo. Vikaanza kuchomoza vidole vyembamba, vinang'aa, vingi mno hata sikuweza kuvihesabu, na katikati yake vijidomo. Vikaushika uduvi, vikaupeleka mdomoni polepole. Mungu wangu! Mwili ulinisisimka. Miaka yote nilipita hapo na ufagio, nikidhani ni jiwe.

Mama mkwe aliweka kiganja kwenye kioo. "Mwanangu alikuwa anayaona mambo haya kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na wewe?"

"Nilikuwa jikoni, mama. Nimenuna."