Tangawizi ya Mama

Jana pakiti ya tangawizi ya unga ilipasuka dukani kwangu Usagara, harufu yake ikanirudisha utotoni. Darasa la saba sikumaliza, lakini nina maduka matatu yenye vioo na kiyoyozi, wala sikurithi hata moja. Mteja anaingia, mashine inalia, anatoka. Jioni miguu imekufa, na sijaongea na mtu.

Nilikuwa bado mtoto baba alipozikwa; mama alikaa eda, akawa hali kitu. Shangazi akanituma mafuta ya taa kwa mwenye duka wa mtaani kwetu, mzee mnene aliyenukia iliki.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mamako anakula?"

"Anasema ameshiba."

"Ameshiba nini, machozi?" Akatwanga tangawizi kwenye kinu chake, akaifunga pamoja na sukari kwenye kipande cha gazeti. "Mwambie asipokunywa chai, namtuma mke wangu aje amnyweshe. Na yule habembelezi mtu, hata mimi dawa ananipa kwa kunikaba."

Nilifikisha maneno kama yalivyo. Mama alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Huyo mwanamke namjua," akasema. "Bandika maji, mwanangu."