Tope Jeusi na Makumbi ya Bi Mwanakheri

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonipita magoti, nikaambiwa nioshe chupa. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika maabara ya serikali mjini Unguja. Nilikuwa na darasa nne tu. Kwa hiyo haya ya madini ya topeni nayaeleza nilivyoyaelewa, na nikikosea, kosa ni langu, si la aliyenifundisha.

Aliyenifundisha ni Bwana Mkemia, mkuu wangu. Mhandisi wa ujenzi alitaka kuchimba mfereji wa mashua kwenye mikoko ya Chwaka, tope alimwage ufukweni likauke, pawe shamba. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani tope ni tope. Bwana Mkemia akatakiwa alipime kwanza.

Ufukweni pale wanawake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi topeni kwa miezi, yalainike, kisha wayapige na kusokota kamba. Bi Mwanakheri, mjane, alikuwa na lundo la makumbi mabichi.

"Shikamoo, Bi," nikamwamkia tulipofika.

"Marahaba. Mji mzima umekosa udongo, mpaka mje kutuibia tope linalonuka?" Wenzake wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Nifukie, au nisifukie? Nikifukia na tope likamwagwa juu yake, msimu wangu umekwenda. Sina kazi nyengine mie."

"Sijui, Bi," Bwana Mkemia akamjibu. "Nikijua, ntamtuma huyu aje akwambie."

Tulizamisha bomba, tukatoa tope jeusi, tukajaza chupa pomoni na kuziba bila kuacha hata povu la hewa. Njiani akanieleza. Chini kule hewa haifiki. Majani yanaoza, inatoka harufu ya yai viza, inakutana na chuma, na zinazaliwa chembe ndogo za manjano ziitwazo pairiti. Chembe ikikua huvuta shaba na nikeli zilizomo majini, kidogo kidogo, ikazifungia ndani yake.

"Hazitoki tena?"

"Lifungulie hewa uone."

Maabarani tuliiacha chupa moja imezibwa, tope la nyengine tukalitandaza sahanini. Baada ya wiki kadhaa la sahanini liligeuka rangi ya kutu, maji yake makali kama siki, yamejaa shaba. La chupani lilibaki jeusi, na maji yake karibu hayana kitu.

Mhandisi alikuja mwenyewe, akainama, akanusa. "Kumbe ningelipanda minazi kwenye siki!" Akaufuta mfereji. Nampa haki yake. Wakubwa wengi wasingelikuja.

Nikatumwa Chwaka peke yangu. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa juu ya lundo lake.

"Haya, sema."

"Fukia, Bi."

Alijifunga kanga kiunoni, akateremka topeni.

Baadaye Bwana Mkemia alihamishwa, na mimi nikapelekwa idara ya maji mpaka nikastaafu. Nimepeleka majibu mengi kwenye meza za wakubwa, na huenda yalifaa, sijui. Lakini nikikaa barazani jioni, moyo hunirudisha Chwaka. Sijapata tena kungojwa na mtu namna ile.